Kigugumizi Changu Hakiombi Radhi

Wazazi wenzangu, na ninyi wasimamizi wa watoto wetu, poleni na baridi. Mlionizidi umri, shikamooni. Mwalimu wa dini ameniomba niseme nanyi kabla watoto hawajaanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na nimekubali, ila kwa sharti moja. Nikikwama kwenye neno, mtu asinisaidie. Asinimalizie, asinipungie mkono, asiniambie "pole pole, mama." Neno ni langu na nitalitoa mwenyewe. Mwenye haraka ya kwenda kuanua ulezi wake aende sasa, sitamsema.

M-m-m-m... mmeona? Ndicho hicho. Nimekwama, nimetoka, na hakuna aliyekufa. Mama wa mbele hapo, nakuona unanitikisia kichwa. Najua unanipa moyo, lakini acha, unanifanya niharakishe.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa Mollo. Kigugumizi kilinianza nikiwa na miaka minne hivi, ndivyo alivyonisimulia mama. Bibi yangu mzaa baba alikuwa nacho, na kaka yake bibi alikuwa nacho, lakini ukidhani kuna mtu nyumbani aliyeunganisha hayo mambo, hutujui. Shangazi alisema nilitekenywa sana nikiwa mchanga. Mwingine akasema nilimwiga bwana mmoja wa gulioni aliyekuwa anakwama akinadi majembe. Na kwa kuwa tuko Sumbawanga, sababu iliyotajwa kabla ya zote mnaijua wenyewe: nimelogwa. Jirani yetu wa upande wa juu alinyooshewa kidole mpaka akahama, na kigugumizi changu kikabaki palepale.

Basi nilipofika miaka sita shangazi akanipeleka kwa fundi anayekata vimeo. Alinitazama mdomoni, akasema kosa ni kile kiuzi cha chini ya ulimi, kimefunga maneno. Akakikata kwa wembe, akapaka majivu na chumvi. Nilikunywa uji wa baridi kwa wiki nzima na mate yangu yalikuwa mekundu. Kidonda kilipopona nilifungua mdomo kuita mama, nikakwama kwenye ile m-m-m ileile. Ndugu zangu, nawaambia, ulimi wangu haukuwa na kosa lolote. Mpaka leo nikipiga miayo nasikia kovu linavutwa, na bado huwa namkasirikia fundi yule, ingawa alishafariki.

Shuleni nilijifunza hesabu moja kabla ya zote. Tukisoma kwa zamu, kila mtoto aya moja, nilihesabu madawati yaliyobaki mpaka zamu yangu, nikatafuta aya yangu kitabuni, nikaangalia inaanza na neno gani. Likiwa neno baya niliomba ruhusa ya kwenda chooni. Walimu walidhani nina ugonjwa wa tumbo. Nikiulizwa swali nilisimama nikiwa na jibu mdomoni, jibu sahihi, linanichoma, na mwalimu anasema, "Hajui. Anayefuata." Anayefuata anasema jibu langu na kupigiwa makofi.

Nilikuwa na sehemu mbili tu za kupumzika. Moja ni salamu ya wazee wetu, ile ya kuchutama na kupiga makofi taratibu, maana viganja havikwami. Nyingine ni kwaya. Nikiimba sikwami hata kidogo. Mnajua hilo lilinisaidiaje? Halikunisaidia. Watu walisema, "Mbona akiimba anatamka vizuri? Anajifanya huyo." Kwa hiyo sasa nilikuwa mgonjwa, nimelogwa, na bado ni mwongo.

Nikawa mkubwa, nikawa fundi wa kujificha. Nyie mnaongea bila kuangalia mbele. Mimi nilikuwa naliona neno baya tangu mbali, nazunguka, napita njia nyingine. Sokoni nilikuwa napenda sana migebuka, wale wanaoletwa kutoka Wampembe, lakini neno linaanza na M. Nilikuwa nasimama mbele ya muuza samaki, migebuka wamelala pale wananitazama, nasema, "Nipe dagaa." Nimekula dagaa kwa miaka mingi kwa sababu ya herufi moja. Mcheke tu, hata mimi nacheka. Kliniki nilipokuwa na mimba, nesi aliniuliza jina. Jina langu mnalijua linaanza na nini. Nikaona foleni nyuma yangu, nikasema, "Anna." Kadi ya mimba ya binti yangu imeandikwa jina la mwanamke asiyekuwepo duniani, na mwezi baada ya mwezi waliita Anna, Anna, na mimi nikasimama.

Na hapa kigangoni je? Mnajua jumuiya zetu zinavyosoma Neno kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Mnakumbuka mimi nilikuwa wapi? Jikoni! Kila sala, kila msiba, kila sherehe ya mtakatifu somo wa jumuiya, mimi ndiye niliyepuliza moto. Padre alinisifu madhabahuni, akasema kuna mama kati yetu ambaye hatafuti cheo wala sauti. Nikainamisha kichwa, watu wakasema, tazama, mnyenyekevu. Unyenyekevu gani? Nilikuwa nimejificha kwenye moshi. Macho yangu yaliharibika kwa kuogopa kusoma mistari minne.

Mume wangu huyo hapo, anajua nitamsema. Kwao ni wafugaji, walishuka huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na alipoanza kunifuata aliniambia, "Nilichokupendea ni utulivu wako." Utulivu! Nilikuwa na maneno ya kujaza debe, nimeyafungia. Tumeishi miaka kumi bila neno "kigugumizi" kutajwa ndani ya nyumba. Alikuwa anasikia nakwama, anatazama pembeni kwa heshima. Nami nikamshukuru kwa kutazama pembeni. Tulidhani huo ndio upendo.

Sasa nafika kwenye anguko langu. Nimeombwa nisimulie nilivyoinuka, lakini siwezi kuinuka kabla sijawaonyesha nilipolala.

Binti yangu alianza alipokuwa na miaka minne. Alikuwa anakuja kuniambia kuku ametaga. Akasema, "Mama, ku-ku-ku-ku..." na nikaona macho yake yamefumba, kidevu kinatetemeka, kama nilivyokuwa mimi. Mtu angedhani mimi, kuliko mtu yeyote katika wilaya hii, ningejua la kufanya. Nilikuwa nimeteswa na jambo hilo miaka thelathini. Na nilifanya nini? Nilifanya yaleyale niliyofanyiwa, na nikaongeza. "Sema vizuri!" "Rudia!" "Vuta pumzi kwanza!" "Unaniaibisha!" Akikwama nilimfinya paja. Nilimnyima chakula mpaka akiombe bila kukwama. Nilijiambia namwokoa. Ukweli ni kwamba sikuweza kuvumilia kujisikia mwenyewe katika mdomo wake.

Siku moja, akiwa na miaka saba, alikuja mzee wa jumuiya nyumbani. Binti yangu ndiye aliyetoka mlangoni. Mnajua mtoto wetu anapaswa kufanya nini: anasema shikamoo kabla ya lolote. Akaanza, "Shi-shi-shi..." na ikagoma. Mzee amesimama na fimbo yake anasubiri aamkiwe. Dakika ikapita. Mzee akasema, "Mtoto huyu hana adabu, siku hizi hamuwafundishi?" Nikatoka jikoni na kumpiga mwanangu kofi la uso, mbele ya mgeni. Nikamwomba mzee radhi.

Baada ya hapo binti yangu akanyamaza. Siyo siku moja. Aliacha kuongea na wageni, kisha akaacha kuongea na majirani, kisha hata nyumbani akawa anaonyesha kwa kidole. Akitaka maji ananyoosha kikombe. Nyumba ikawa kimya. Na mimi, ndugu zangu, nisikilizeni vizuri kwa sababu hili sijawahi kulisema popote isipokuwa kwenye kitubio, mimi nilifurahi. Niliwaambia watu, "Namshukuru Mungu, amepona."

Hapo ndipo nilipolala. Chini kabisa.

Alipofika miaka kumi akaingia mafundisho. Alikuwa anayapenda. Jioni alikuwa ananifungulia daftari, ananionyesha maswali kwa kidole, nami nasoma kwa macho, yeye anaandika jibu. Alikuwa anajua kuliko mimi. Ikaja siku ya mtihani wa mdomo, humu humu ndani, mabenchi yakiwa hivi hivi, wazazi upande ule na watoto upande huu. Ninyi mliopita hapa mnaujua ule utaratibu. Mtoto anasimama, mwalimu anauliza, na rula yake inagonga meza. Moja, mbili, tatu. Ukifika tatu hujajibu, basi, mwakani. Utaratibu huo wametufanyia sisi, na waliotufundisha walifanyiwa. Mwalimu hakuutunga yeye, na ameniruhusu niuseme mbele yake.

Ikafika zamu ya binti yangu. "Sakramenti za Kanisa ni ngapi?" Mtoto alisimama, mdomo ukafunguka, S ikaanza kupuliza kama sufuria inayochemka. Ssss. Rula ikagonga moja. Akanyoosha mikono, kiganja kizima na vidole viwili. Saba! Watu wote wameona. Mwalimu akasema, "Kwa mdomo, mwanangu." Ikagonga mbili. Nikaona shingo yake imekaza mishipa. Ikagonga tatu.

"Hajui. Mwakani. Anayefuata."

Jamani. Hayo maneno niliyasikia nikiwa na miaka minane. Mtoto akakaa. Hakulia. Aliinama akaanza kufunga daftari lake kwenye mfuko wa nailoni, taratibu, mafundo mawili, kama mtu anayefunga kitu ambacho hatakifungua tena. Na mimi nikajua kabisa kwamba nikikaa kimya sasa, huyu mtoto amekwisha. Ataolewa kimya, atazaa kimya, atakufa ameandikwa jina la mtu mwingine kwenye kadi.

Nikasimama.

Sikuwa nimepanga. Miguu ndiyo iliyosimama. Nikasema, "A-a-a-a..." nikakwama hapo. Nyuma mtu akacheka kidogo, akaziba kwa kikohozi. Mwalimu akasema kwa upole, "Mama, kaa, tutaongea baadaye." Nilikuwa nimekaa kwa miaka thelathini na kitu. Nikatikisa kichwa. Kuku mmoja aliingia kwa mlango ule, akazunguka chini ya meza, akatoka, na mimi bado niko kwenye ile A. Wengine mlikuwepo. Mlitazama viatu vyenu.

"A-a-anajua," nikasema. "Mtoto a-anajua. Ana k-k-k-k..." Na neno hilo lenyewe ndilo lililonigomea! Neno ambalo sijawahi kulitamka tangu nizaliwe. Nilihisi taya limefungwa kwa waya. Nikasema moyoni, leo hutoki hapa mpaka litoke, hata kama ni jioni. "K-k-kigugumizi. Na mimi n-n-ninacho. Sisi s-siyo wajinga. Umemuuliza, sasa m-m-msubiri. Na u-usigonge meza."

Nilikuwa natoka jasho na baridi yote ile. Nilitazama upande wa mume wangu nikidhani ataangalia pembeni kama kawaida. Alikuwa ananitazama usoni.

Mwalimu, nakushukuru mpaka leo. Uliangalia ile rula mkononi mwako, ukaiweka chini ya daftari la mahudhurio. Ukasema, "Haya. Mwanangu, simama. Sakramenti ni ngapi, na zitaje. Mimi nipo."

Akasimama. Alichukua muda wake. "S-s-s-saba," akasema. Hiyo ilikuwa sauti ambayo baadhi ya watoto wenzake hawakuwahi kuisikia. Akaanza kuzitaja. Ubatizo ukatoka mwepesi. Kipaimara ikambana, akatoka. Ekaristi. Alipofika Kitubio akakwama hasa. K-k-k-k, macho yamefumba, mguu unapiga sakafu. Mama mmoja mwenye huruma akamnong'oneza, "Kitubio." Binti yangu akafumbua macho, akamtazama yule mama, akatikisa kichwa kuwa hapana. Akarudi mwanzo wa neno lake akalitoa mwenyewe. Kisha akamaliza zilizobaki mpaka Ndoa. Mwalimu akasema, "Anajua." Basi. Nikakaa, na hapo ndipo nilipolia, nililia mpaka kitenge kikalowa, na sikuomba radhi kwa mtu.

Msidhani yaliisha hapo kwa nderemo. Nje kuna baba mmoja alisema mtoto wa namna hiyo ataichelewesha Misa, maana siku ya Komunyo lazima aitikie Amina. Nikamjibu, "A-a-atachelewesha. Wewe njoo na k-kiti." Na kweli alichelewesha. Padre alisimama na Ekaristi mkononi, mbele ya umati, akasubiri Amina ya mtoto mmoja. Ilikuja vipande vipande, ikaja yote.

Lakini kabla ya siku hiyo, palepale nje ya mlango baada ya mtihani, kuna mama alinifuata. Ni nesi, mwanawe alikuwa katika kundi lile. Aliniuliza, "Mmewahi kumwona mtaalamu?" Nikasema mtaalamu wa nini, wa kukata? Akashtuka. Akaniambia kuna watu waliosomea mambo ya kuongea, ni wachache nchini, lakini katika hospitali moja ya Mbeya yupo mmoja. Akatuandikia karatasi. Tukapanda basi, mimi, mtoto na baba yake.

Nilitegemea mzee mwenye miwani. Tukakuta msichana mdogo, ana rasta, amekaa sakafuni na watoto. Alizungumza na binti yangu karibu saa nzima kuhusu mbuzi. Kisha akanigeukia, nikamuuliza lile lililokuwa linanila: "Ni m-mimi niliyemwambukiza?" Akasema kigugumizi hakiambukizwi, hata kwa kuiga. Kinatembea katika ukoo, kama kimo. Ubongo na viungo vya kutamkia vinapishana kidogo kwenye muda wa kuanza neno, basi. Siyo ulimi, siyo akili, siyo woga, siyo malezi mabaya, wala jirani wa upande wa juu. Watoto wengi wadogo hupitia kukwama na wakaacha wenyewe wakikua. Wengine hawaachi, na hakuna anayeweza kuapa kuwa huyu ataacha na yule hataacha, ndiyo maana mtoto anafaa aonekane mapema.

Nikamwambia kuhusu kofi. Nilimwambia yote. Hakunibembeleza. Alisema, "Kofi halikuleta kigugumizi, mama. Lilileta kunyamaza. Na kunyamaza ni kugumu zaidi kutibu." Nilimheshimu kwa kutonidanganya.

Dawa hakutupa. Wembe hakushika. Dawa, alisema, iko kwenu wakubwa: mpunguze kasi ya maneno yenu wenyewe, mumtazame mtoto usoni anapokwama, msimkamilishie, msimwambie avute pumzi. Kila siku mtoto apewe muda mfupi wa kuongea na mzazi mmoja, redio imezimwa, simu imewekwa chini, na asikosolewe chochote. Mtoto mwenyewe akafundishwa kuanza neno laini, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga, na akikwama asisukume, asimame, aachilie, aendelee. Mume wangu ndiye aliyeshindwa zaidi. Yule bwana anaongea kama anaita ng'ombe waliovuka bonde. Ilimchukua miezi kujifunza kusema taratibu, na sasa hata ng'ombe wanamsikiliza vizuri zaidi.

Na mimi nikapewa kazi yangu. Mtaalamu aliniambia, "Wewe mama, nenda sokoni ukagugumize kwa makusudi." Nikadhani ananitania. Akasema hapana, umetumia maisha kukimbia hilo jambo, sasa ligeukie. Nikarudi Sumbawanga, nikaenda kwa muuza samaki wangu.

"Shikamoo mama," akasema, "dagaa kama kawaida?"

"S-sitaki dagaa. Nataka m-m-m-m..."

"Mifuko?"

"M-m-m-m..."

"Maji? Mama umezidiwa? Kaa kwenye ndoo!"

"N-nyamaza wewe nimalize! M-m-migebuka!"

Akanitazama, akawatazama migebuka, akanitazama tena. "Mama, miaka yote hii ulikuwa unataka migebuka?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mbona hukusema?" Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ile ndoo. Siku ile tulikula migebuka, na binti yangu alisimulia habari ya soko mara tatu, kila mara akiniigiza vibaya zaidi.

Sijapona, msije mkasema nje kuwa nimesema nimepona. Binti yangu naye hajapona. Zipo siku anatiririka, zipo siku sentensi moja inamtoa jasho, hasa akiwa amechoka au kuna msiba. Kilichokwisha ni kujificha. Mwaka jana alisimama hapa mbele akasoma maombi ya waamini, na ilichukua muda wake, na mkajibu "utusikie" baada ya kila ombi. Nyumbani sasa anaongea mpaka baba yake anaomba likizo. Mimi nimeshasoma Neno katika jumuiya mara nne. Jikoni wameingia wanaume, na ugali wao una mabonge, mtazoea.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu wa dini, ambaye leo hii haonekani na rula. Namshukuru yule nesi na yule binti wa Mbeya. Namshukuru mume wangu, ambaye alijifunza kunitazama usoni. Na binti yangu nilimwomba msamaha, mbele ya baba yake, kwa kigugumizi changu chote, na alinisubiri mpaka mwisho.

Ninachowaachia ni kidogo. Mtoto wako akikwama, usikimbilie kumrekebisha mtoto. Tulia wewe. Anachosema ndicho cha kusikiliza, siyo anavyokisema. Mfundisheni huyo mwenye ulimi mwepesi kusubiri, maana mara nyingi yeye ndiye anayehitaji mafundisho. Na mtu mzima mwenye kigugumizi aliyekaa hapa, na nawajua kama watatu, hamna deni la radhi kwa yeyote.

Halafu kuna jambo moja. Asubuhi hii, pale nje penye baiskeli, baba mmoja aliniambia kwamba Jumatano anampeleka mwanawe wa miaka mitano kwa fundi mwingine wa vimeo akakatwe chini ya ulimi. Simtaji. Baba, Jumatano hiyohiyo mimi na binti yangu tunakwenda Mbeya kumwona mtaalamu wetu. Nimewaambia watu wa basi watushikie viti viwili zaidi. Nitakuwa nimesimama mlangoni mwa basi saa kumi na mbili asubuhi. Nikiona huji, nitateremsha begi langu, basi lenyewe liende bila sisi, na nitakuja kwako kabla hamjatoka. Nitasimama uani kwako, kati yako na mlango, na nitakwambia tena haya yote tangu mwanzo, mbele ya mkeo na jirani zako. N-n-na ninavyoongea umeshasikia. Itachukua siku nzima.